Soddoh Si Soddog: Dada Zetu wa Kisomali na Kalamu ya Lugha Yao



Leo maneno yetu yanawaendea khasa dada zetu wa Kisomali waliozaliwa au kukulia ughaibuni: London, Minneapolis, Toronto, Malmö na kwengineko. Kisomali wanakizungumza, wanachekea, wanagombea, na wakikasirika ndipo kinapotoka kizuri zaidi. Lakini waambie wakiandike. Utamwona mtu anaandika, anafuta, anaandika tena, mwisho anatuma kwa Kiingereza au anabonyeza kitufe cha sauti. Yanawaendea pia mabibi harusi wetu wa visiwani walioposwa na vijana wa Kisomali, maana nao wanatiwa kwenye kundi la familia la WhatsApp na kukuta maandishi yamejaa x na c, wasijue waanzie wapi.

Rai yetu tunaitoa mapema. Kuandika Kisomali sawasawa ni kazi ya mwanamke mwenye nyumba yake na watoto wake, si ya kuachiwa maprofesa. Ni amana kama amana nyengine tulizopokea kwa mama zetu. Na ni nyepesi kuliko mnavyoiogopa, khasa kwa aliyekaa chuoni akasoma alifu na be.

Herufi moja, mkwe mwengine

Tuanze na litakalomgusa bibi harusi. Kwa Kisomali mama mkwe ni soddoh. Baba mkwe ni soddog. Tofauti yote iko kwenye herufi ya mwisho. Bibi harusi akikusudia kumpelekea mama mkwe salamu za Ijumaa, akakosea herufi hiyo, salamu zake zimekwenda kwa mzee. Watu watacheka na yataisha, lakini yapo mengine mengi ya namna hiyo.

Ukimuuliza mtu habari zake unaandika iska warran, kwa r mbili. Ondoa r moja, waran, umemtajia mkuki. Bad ni bahari, baad ni malisho ya wanyama. Dhar ni nguo, dar ni ongeza. Hal ni moja, xal ni ufumbuzi. Na aliyetaka kumtaja qaadi, yaani kadhi atakayefungisha ndoa, akaandika kwa k, basi kaadi ni mkojo. Tunalisema kwa adabu zote, na bora mlisikie kwetu kuliko mlisikie ukumbini.

Kanuni iliyo nyuma ya haya ni fupi. Kisomali kina irabu fupi na ndefu, na kina konsonanti nyepesi na nzito. Urefu na uzito huo huandikwa kwa kurudia herufi. Msichana aliyekulia nyumba ya Wasomali masikio yake yanaijua tofauti hiyo tangu ananyonya. Hawezi hata siku moja kumwambia mtu mkuki akikusudia kumjulia hali. Mdomo wake haukosei. Kinachokosea ni mkono, kwa sababu mkono ulifundishwa skuli kuandika Kiingereza au Kiswidi, na Kisomali haukufundishwa na mtu.

Msijilaumu, lakini msikae

Tunajua kuna aibu hapa. Dada anajiambia, "Lugha ya mama yangu, na siwezi kuiandika." Tungependa aijue tarehe ya maandishi haya, huenda ikampunguzia.

Kisomali kilipewa herufi zake rasmi mwezi Oktoba 1972. Kabla ya hapo wanazuoni walikiandika kwa herufi za Kiarabu, na walikuwepo waliobuni hati zao wenyewe, kama Cusmaan Yuusuf Keenadiid ambaye hati yake ilikuja kuitwa Osmanya. Mabishano yalikuwa marefu: tuandike kwa Kiarabu, kwa Kilatini au kwa hati ya nyumbani? Mwisho Kilatini kikashika, kwa mpango unaofungamana na jina la Shire Jaamac Axmed. Mwaka 1974 skuli za sekondari zilifungwa, na maelfu ya wanafunzi wakapelekwa mashamba na kwa wafugaji wa ngamia kufundisha watu kusoma na kuandika. Wito wa kampeni ile ulikuwa kwamba anayejua afundishe na asiyejua ajifunze.

Sasa pigeni hesabu. Kutoka 1972 mpaka dola ilipoanguka mwaka 1991 ni miaka 19 tu. Baada ya hapo skuli zilifungwa, vitabu vikapotea, watu wakakimbia. Mtoto wa kike aliyekuwa darasa la pili mwaka ule alikatizwa masomo akiwa bado anajifunza kuunganisha herufi, akapita kambini, akapanda ndege, akafika nchi ya baridi na kuanza lugha mpya. Huyo ndiye mama yenu. Hakuwanyima kitu. Naye alikatiwa njiani.

Kwa hiyo tunapowaambia jifunzeni, hatuwaambii mlipie kosa. Tunawaambia mshike uzi pale ulipokatika, maana msipoushika nyinyi mnaokisema, watoto wenu hata kukisema hawatakisema.

Aliyesoma chuoni anayo funguo

Hapa ndipo wengi watakapostaajabu. Zile herufi zinazowatisha, x na c, ni herufi mlizozisoma mkiwa wadogo mbele ya mwalimu wa Qur'ani. X ya Kisomali ni ha ya Rahman, ile inayotoka kooni. C ni ain. Q ni qaf. Kh ni ile ile ya kheri. Ziliteuliwa herufi za Kilatini ambazo Kisomali hakikuwa na kazi nazo, ili watu waandike kwa taipureta za kawaida bila ya kuongeza nukta wala alama juu. Na alama ile ya juu kama koma ni hamza, kama kwenye su'aal, yaani swali.

Hata mpango wa alfabeti ni wa chuoni. Anayeanza kusoma Kisomali hakariri a, b, c. Anakwenda ba, ta, ja, xa, kha, da, ra, sa, sha, na kuendelea mpaka ya. Aliyehitimu juzuu amma ameshapita njia hii.

Ukishajua hayo, maneno mengi tunayoshirikiana yanafunguka yenyewe. Halali ni xalaal. Hijabu ni xijaab. Elimu ni cilmi. Dua ni duco. Idi ni Ciid. Kisomali hakina z, basi zaka inakuwa sako, Zahra anakuwa Sahra na Zainab anakuwa Seynab. Hakina p, basi pasipoti ni baasaboor. Hakina gh yetu, basi kitu ghali ni qaali, na sala ya magharibi ni maqrib. Na neno lililokuja na m mwishoni kwa kawaida huishia na n: salamu ni salaan, saumu ni soon, haramu ni xaaraan.

Hilo la m na n si la maneno ya kigeni peke yake. Mkono ni gacan, mikono ni gacmo. Bibi harusi anayetiwa hina mkono mmoja kisha wa pili amelipata somo zima la sarufi kwenye viganja vyake. Na ndugu ni walaal, lakini dada yangu ni walaashay, kwa sababu l ikikutana na t ya umiliki wa kike hugeuka sh. Ndivyo pia meel, mahali, inavyokuwa meesha. Ukiijua kanuni hiyo huandiki kwa kubahatisha.

Mswahili mwenzetu aangalie kitu kimoja. Dh ya Kisomali si dh ya dhahabu. Ni d inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa kwenda nyuma. Ukiisoma Kiswahili, wifi zako watakuelewa, lakini watatabasamu.

Majina yenu, wapenzi

Jambo linalotuuma zaidi ni majina. Ughaibuni Xaliimo ameandikwa Halima, Caasha ameandikwa Asha, Xaawo ameandikwa Hawa, na Faadumo ameandikwa kila namna karani alivyosikia siku ile. Hatuwaambii mkabadilishe pasipoti. Kwenye mambo ya serikali, na kwenye cheti cha ndoa kitakachopelekwa ubalozini, fuateni tahajia ya pasipoti herufi kwa herufi, la sivyo mtahangaika na viza mpaka mchoke.

Lakini tunauliza: je, jina lenu la Kisomali mnaliweza? Na la bibi yenu? Kadi ya mwaliko wa harusi inachapwa mamia, inakwenda kwa wazee wa pande zote mbili. Ukumbi umelipiwa, dirac imeshonwa na garbasaar yake, uunsi umechanganywa, halwa imeagizwa. Kisha kwenye kadi jina la baba wa bibi harusi limekosewa, kwa sababu hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuwa na uhakika, na mchapaji naye si Msomali. Saa moja ya kukaa na mama mzaa mama na kuandika majina ya ukoo kwenye daftari ingetosha. Na daftari lile lingebaki baada ya harusi.

"Lakini sauti inatosha"

Tunaijua hoja hii, na ina nguvu. Wasomali ni watu wa ulimi. Mashairi yao yametembea jangwani kichwani mwa watu bila ya karatasi. Ujumbe wa sauti unabeba kicheko cha mama, unabeba kikohozi chake, na ayeeyo asiyesoma anausikia vile vile. Atakayetuambia tuuache hatutamsikiliza.

Lakini sauti hukaa kwenye simu, na simu huanguka, huibiwa, hujaa. Ni nani kati yetu anayeweza leo kuitafuta nasaha aliyotumiwa na mama yake miaka minne nyuma? Maandishi unayapata, unayanakili, unampa mtoto.

Tazameni buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, yale yanayoghaniwa harusini kwa ngoma na makofi, akisifiwa bibi harusi na mama yake na ukoo wake. Xaawo Jibriil alikuwa mtunzi mkubwa wa buraanbur, aliyetunga juu ya ukombozi wa nchi yake na haki za wanawake. Mwishoni mwa umri wake alikuwa Toronto. Mwaka 2008 mashairi yake yalitoka kitabuni huko huko, na aliyeyakusanya na kuyafasiri ni binti yake, Faduma Ahmed Alim. Sisi hatusomi habari hiyo kama ya fasihi tu. Binti aliyeweza kuandika alimhifadhi mama yake. Mabinti wangapi ughaibuni wana mama mtunzi nyumbani, na tungo zake zitazikwa pamoja naye?

Na lipo la pili, la mabibi harusi. Kwenye Suratul Baqara tumeamrishwa kuliandika deni. Mahari iliyoakhirishwa ni deni juu ya mume, na Wasomali huitaja meher kwa urefu, ikawa dhahabu, ikawa fedha, ikawa ngamia. Ikiandikwa kwa Kisomali, tungependa bibi harusi aisome mwenyewe kila mstari kabla ya walii wake kutoa idhini. Asisomewe na mjomba kwa haraka mlangoni. Anayejua kusoma huuliza swali wakati swali bado lina faida.

Tahajia ipi iliyo sahihi?

Hapa ndipo watu wanapogombana, na sisi tunataka kusema la kupoza. Atakayekaa na maandishi ya Kisomali ataona mtu mmoja ameandika ducaynayaa na mwengine duceynayaa, wote wakikusudia "naomba dua". Ataona gabadh na gabar, maneno mawili ya msichana, maana pale wa kaskazini wanapotamka dh, wengi wa kusini hutamka r. Si makosa hayo. Ni lugha ya watu wanaoishi mbali mbali. Chagua namna ya nyumbani kwenu, uishike hiyo hiyo kutoka mwanzo wa barua mpaka mwisho.

Kuandika jeclahay bila ya c, ukamwambia mumeo "jelahay", hilo si lahaja. Hapo ain imeanguka. Wala usizidishe x kwa khofu, ukaandika maxadsanid. Ahsante ni mahadsanid, kwa h nyepesi. Basi tugawe mambo mafungu mawili: tofauti za miji tuzistahamili, na herufi zilizoanguka tuziokote.

Na tusisahau kwamba si kila mtu wa Somalia lugha ya nyumbani kwake ni hii inayoandikwa magazetini. Wapo wa Af-Maay, yenye sauti zake. Wapo jamaa zetu wa Barawa wanaosema Chimwini, ambacho ni Kiswahili chenzetu kabisa, na ambao Dada Masiti wao alitunga mashairi ya dini kwa lugha hiyo hiyo mpaka leo anatajwa kwa heshima. Mtoto wa Barawa akikiandika Chimwini cha bibi yake amefanya jambo lile lile tunaloliomba hapa. Asiambiwe kwamba ameacha Usomali.

Tuache kuchekana

Sasa tunageuka kwa wale wanaojua. Dada wa Hargeysa au Muqdisho aliyesoma vizuri anaingia kwenye kundi la familia, anaona binamu yake wa Ulaya ameandika sentensi yenye makosa matano, anaweka vicheko vitatu na picha ya mtu aliyejishika kichwa. Wengine wanafuata. Yule binamu haandiki tena Kisomali mwaka mzima. Mzaha wa dakika moja umefunga mlango ambao mama yake alikuwa anauombea dua ufunguke.

Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana, na wanawake tumetajwa kwa jina letu ndani ya katazo hilo. Hatudhani kwamba makosa ya herufi yametolewa nje yake. Ukitaka kumsahihisha mwenzio, mfuate faragha, mwandikie neno zima lilivyo sawa, na umshukuru kwa kujaribu. Ajuaye afundishe, ndivyo walivyoambiana wenyewe mwaka 1974, na hakuna aliyeambiwa amcheke mfugaji aliyeshika chaki mara ya kwanza.

Tufanyeje basi?

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana kwa mwanamke mwenye kazi, watoto na sufuria motoni.

Kwanza, imla. Chukua ujumbe wa sauti wa mama au ayeeyo, wa nusu dakika. Usikilize, uandike neno kwa neno, kisha umtumie mtu mmoja unayemwamini akusahihishie. Dakika 20 kwa siku, siku nne kwa wiki. Sikio lako ndilo mwalimu, na tayari limehitimu.

Pili, soma kwa sauti. Idhaa ya Kisomali ya BBC ipo tangu 1957, na leo ina maandishi pia. Ipo na tafsiri ya maana ya Qur'ani kwa Kisomali iliyochapwa Madina. Soma aya unayoijua maana yake, sema maneno kwa mdomo, na macho yatazoea yanapokaa maradufu.

Tatu, kamusi. Ipo Qaamuuska Af-Soomaaliga ya Annarita Puglielli na Cabdalla Cumar Mansuur ya mwaka 2012. Ukishuku kama ni irabu moja au mbili, tazama. Kushuku na kutazama ndiyo nusu ya elimu.

Nne, simu. Zima usahihishaji wa Kiingereza unapoandika Kisomali, maana utageuza maneno yako kuwa mambo mengine, na ukiwa peke yako utadhani ni wewe uliyekosea.

Tano, watoto. Wakifunzwa alifu na be Jumamosi, wafunzwe papo hapo kwamba hii ain kwa Kisomali ni c na hii ha ni x. Watayapata mawili kwa kikao kimoja. Nchi kama Sweden huwapa watoto masomo ya lugha ya mama ndani ya skuli. Ikiwa yapo mnapoishi, waandikisheni, wala msiseme "Kisomali atakipata nyumbani". Nyumbani atapata kukisema.

Na bibi harusi wa Kizanzibari anayekwenda kwa Wasomali, wewe usingoje kuwa fasaha. Jifunze salaan, mahadsanid, iska warran kwa r zake mbili, na soddoh kwa h. Mtumie mama mkwe mstari mmoja wa mkono wako kila Ijumaa. Atajua kwamba mwanawe hakuoa mgeni.

Allah awabariki mama zetu waliotuachia ndimi hizi, awape dada zetu subira ya kujifunza na awajaalie wanaojua upole wa kufundisha. Aamin.